Mama Athumani Akikaa, Mshale Unapanda

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia kichwani nikiwa kanisani inanibidi niinamishe uso na kujiziba mdomo kwa kanga, watu wadhani natubu. Na kusema kweli natubu, ila toba yenyewe imechanganyika na kicheko. Acha nikusimulie. Juzi nilikusikia ukisema kwenye simu kwa sauti ya juu, "Yule ni mwizi, kila mtu anajua," na nilipokuuliza umejuaje ukaniambia umesoma kwenye kundi. Sikukugombeza. Nilijikumbuka nilivyokuwa nikiwa na umri wako, nikaenda zangu kubandika chai. Sasa chai imeiva. Kaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimerudi Kiomboi kutoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme, na cheti hicho nilikigongomea ukutani kwa misumari minne, asije mtu akasema hakukiona. Wakati ule, huku kwetu, msichana fundi umeme alikuwa kitu cha watu kuja kutazama. Wazee walikuja na redio zao wamezifunga kwenye vitambaa, wanachungulia kibandani, wananiuliza, "Binti, fundi yuko wapi?" Najibu, "Shikamoo mzee, fundi ni mimi." "Marahaba. Basi nimwekee redio hii hapo, nitamsubiri nje." Mmoja alisubiri kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Redio yake niliitengeneza yeye akiwa amekaa mlangoni, ananiona kabisa, nikamkabidhi ikiwa inaimba. Akanishukuru, akaondoka, akarudi hatua mbili akaniambia, "Umsalimie fundi."

Nakueleza hivyo ili ujue kiburi changu kilitoka wapi. Sikuzaliwa nacho. Nilikijenga kama mtu anavyojenga ukuta wa miiba kuzuia fisi, na baada ya muda nikasahau kuacha mlango.

Sasa, kule chini, ukishateremka mlima Sekenke, kando ya Ziwa Kitangiri, alikuwepo mzee mmoja anaitwa Mzee Msengi. Huyu alikuwa ameishi miaka mingi melini. Watu walimwita kapteni na yeye hakuwakatalia, lakini melini alikuwa mpishi. Alipostaafu alirudi nyumbani na mashua ya tanga aliyoichongesha Mwanza, ikaletwa juu ya lori, watoto wa shule wakaachiwa mapema kwenda kuishangaa. Upande ule watu walizoea mitumbwi. Mashua yenye mlingoti, tanga jeupe na mabenchi ya kukalia ilikuwa kama basi la majini. Siku za mnada ilivusha watu kwenda ng'ambo, na jioni ikawarudisha.

Kilichompa Mzee Msengi raha kuliko tanga kilikuwa ubao wa swichi. Aliufunga pale nyuma, karibu na usukani: swichi sita, fyuzi, na mita ya volti yenye mshale mwekundu. Swichi tatu zilifanya kazi. Moja ya taa, moja ya honi, moja ya pampu ndogo ya kutoa maji, kwa sababu mashua ilivuja kidogo tangu siku ya kwanza. Zile tatu nyingine hazikuunganishwa na kitu chochote. Zilikuwa za heshima. Umeme wote ulitoka kwenye betri moja ya gari, iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao chini ya benchi la mwisho.

Akaanza kupata shida. Akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori, niende mashua inaumwa umeme. Mwanangu, nilifurahi! Mtu ameniita mimi, kwa jina langu, na amesema fundi. Nilivaa ovaroli mpya ya bluu niliyoshonewa baada ya kumaliza chuo. Nilikuwa sijaivaa hata mara moja. Niliipiga pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata nyanya.

Nilifika siku ya mnada asubuhi, abiria wameshaanza kupanda na mbuzi wao na kuku wao. Mzee Msengi akanipeleka moja kwa moja kwenye ubao wake.

"Tazama mshale, mwanangu. Nimezima kila kitu. Unasema ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Sasa nawasha pampu." Mshale ukaporomoka hadi kumi, ukawa unatetemeka. "Naongeza taa." Tisa na nusu. "Unaona? Na hii betri haijamaliza hata miezi miwili. Nimeinunua kwa Athumani."

Athumani alikuwa kijana wa Shelui, anauza betri na kuzichaji kwa injini ya mashine ya kusaga. Kila mwenye redio au taa ya betri upande ule alipitia kwake. Sikuwa namjua kwa sura, nilimjua kwa jina tu.

Kabla sijafungua mkoba wangu, mzee mmoja mwembamba aliyekuwa anauza kamba akaniambia kutoka kwenye benchi la katikati, "Fundi, usijisumbue. Mshale huo unamtegemea Mama Athumani."

"Unamtegemeaje?"

"Akikaa pale nyuma, unapanda. Akishuka, unashuka."

Abiria wote wakaitikia. Kweli kabisa. Sisi wote tumeona. Mwingine akasema yule mama ana umeme mwilini, alirithi kwa bibi yake aliyewahi kupigwa na radi akapona.

Mama Athumani ndiye mama yake huyo huyo mchaji betri. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mama wa mwili mkubwa na sauti ndogo ya upole, na siku zote alikaa benchi lile la mwisho kwa sababu lilikuwa pana. Wakati huo alikuwa ndiyo anapanda na matenga yake. Mashua ikainama kidogo kumpokea. Akasalimia watu, akakaa.

Mshale ukapanda kutoka tisa na nusu hadi kumi na mbili.

"Umeona?" wakapiga kelele.

"Jamani mniache," Mama Athumani akasema. "Mimi sina umeme, nina miguu inayouma tu."

Mwanangu, kama ningekuwa fundi kweli siku ile, moyo wangu ungeruka kwa furaha. Watu wale walikuwa wamenipa ugonjwa mkononi. Walikuwa wameutazama wiki baada ya wiki, wakajua unatokea lini na unaondoka lini. Sababu waliyoitaja ilikuwa ya ovyo, lakini walichokiona walikiona kwa macho yao. Mimi nikasikia ile habari ya radi tu. Nikajinyoosha, nikawaambia, "Jamani, huu ni umeme, ni sayansi. Umeme haujui nani amekaa wapi."

Nikatoa mita yangu ya mkono. Nikapima pale pale kwenye ubao. Mama Athumani alikuwa ameinuka kidogo kupanga matenga yake, kwa hiyo mita yangu ikasoma tisa na nusu, na mita ya ubao ikasoma tisa na nusu. Nikajiambia, mashahidi wawili wamekubaliana, kesi imekwisha. Sikufikiria kwamba mashahidi wote wawili nimewasimamisha kwenye dirisha moja, lazima waone kitu kimoja.

Betri yenyewe sikuipima. Utaniuliza kwa nini, na nimejiuliza miaka mingi. Ilikuwa chini ya benchi. Ili kuifikia ingebidi nimwombe mama mtu mzima ainuke na matenga yake, halafu nipige magoti kwenye maji meusi yenye magamba ya samaki, mbele ya abiria thelathini, na ovaroli yangu ile. Basi. Hakuna sababu nyingine. Ningependa kukuambia kulikuwa na sababu ya kitaalamu.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mbele, "mita yako ni nzima. Tatizo ni betri. Umeuziwa betri kuukuu iliyosafishwa ikapakwa rangi. Haina nguvu. Umeuziwa kopo."

Vichwa vyote vikageukia benchi la mwisho. Hata mbuzi nadhani waligeuka.

"Nani ameuza kopo?" Mama Athumani, aliyekuwa ameshakaa tena, akauliza taratibu.

Nikaelewa nimesema nini, na mbele ya nani. Hapo, mwanangu, palikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Mtu angeweza kusema, samahani mama, ngoja nipime vizuri. Lakini watu walikuwa wananitazama, na kwa mara ya kwanza walikuwa wananitazama kama fundi. Nikasema, "Mita haina mama wala mtoto. Inasema inachokiona."

Akasimama. Aliposimama mshale ukaporomoka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikaunyooshea kidole nikasema, "Mnaona? Hata betri yenyewe inakubali."

Watu wakacheka. Mama Athumani alichukua matenga yake moja moja, akashuka, akaenda kutafuta mtumbwi.

Neno lile lilitembea haraka kuliko mashua. Lilifika Shelui kabla ya jioni, na kesho yake lilikuwa limepanda mlima. Watu walienda kwa Athumani kuchukua betri zao hata zile ambazo hazijajaa. Wengine walizipeleka kwangu nizipime, na mimi nikazipima kwa furaha. Athumani alikuwa ameshapeleka posa kwa watu fulani Nduguti. Wale wakatuma mjumbe kusema wasubiri kwanza, mpaka hilo jambo la betri lieleweke. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba wazee sasa wanakuja kibandani na kusema, "Shika redio hii, fundi." Sikujali sana heshima hiyo imetoka mfukoni mwa nani.

Mzee Msengi akamrudishia Athumani betri yake, akaagiza nyingine Singida mjini, mpya kabisa, bado ina karatasi. Nikaja kuifunga. Safari hii benchi lilikuwa tupu, nikaifunga kwa kuinama kidogo tu, nikirudisha nyaya zilivyokuwa bila kuzichunguza. Tukawasha pampu. Mshale ukaenda kumi, ukatetemeka.

Mzee Msengi akanitazama. Mimi nikautazama mshale.

"Mwanangu, hii nayo ni kopo?"

Hapo nilipaswa kuogopa, na niliogopa kweli. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kusema kabla ya mikono. Nikamwambia, "Mzee, betri mpya ni kama ng'ombe mgeni. Inahitaji siku kadhaa kuzoea zizi."

Alikuwa mpishi, lakini hakuwa mjinga. Akafikiri, akasema, "Basi tutazoea wote. Siku ya mnada unasafiri na sisi, uitazame inavyozoea."

Ndiyo nikajikuta ndani ya mashua, alasiri, tunarudi kutoka ng'ambo. Abiria wamejaa, mbuzi wamejaa, kuna mtu na kitanda chake, upepo mzuri, tanga limefura. Mama Athumani hakuwepo. Tangu siku ile alikuwa anavuka kwa mtumbwi. Katikati ya ziwa nikahisi unyevu kwenye viatu. Maji yalikuwa yameshapanda juu ya mbao za chini. Mzee Msengi akawasha pampu, na pampu badala ya kuvuta ikawa inakoroma tu, inatema maji kidogo kama mtoto anayekataa dawa.

"Nilisema," yule muuza kamba akasema. "Mama Athumani hayupo."

Bila kuniuliza, akawachukua wanaume wawili, wakaenda watatu kukaa kwenye lile benchi la nyuma. Walikuwa wembamba wote, lakini mshale ukapanda kidogo, na pampu ikaanza kuvuta. Niliona kwa macho yangu. Unajua nilifanya nini? Niliwafokea. "Acheni ushirikina! Inukeni mkachote maji!" Wakainuka. Pampu ikarudi kukoroma.

Sasa ikawa vurugu. Mzee Msengi, ambaye kwa mara ya kwanza mambo yalikuwa yamefika kwenye fani yake, akapaza sauti, "Sufuria! Kila mwenye sufuria!" Watu walikuwa wamenunua vyombo mnadani, zikatoka sufuria, mabeseni, hata birika jipya. Tukachota. Upande wa kushoto watu walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani, upande wa kulia wanatamka shahada. Mwenye kitanda alikuwa amekikumbatia akisema kitaelea. Mimi nilikuwa nachota kwa kofia ya mtu nisiyemjua, nalia, na kichwani nasema nitakufa na ovaroli safi.

Mashua ikalala upande mmoja, Mzee Msengi akateleza akaanguka majini. Kina mama wakapiga yowe. Akazama, akapotea, halafu akasimama.

Maji yalimfika kiunoni.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mwanangu, na Kitangiri mwishoni mwa kiangazi ni ziwa la kuoshea miguu. Tulikuwa tumeomba, tumelia na tumeagana, juu ya maji ya kufika kiunoni. Kila mtu akawa anajaribu kukumbuka amesema nini kwa sauti wakati anadhani anakufa. Mwanamume mmoja alikuwa amemwambia mkewe ukweli wa mbuzi waliopotea mwaka uliotangulia. Huyo alitamani maji yawe marefu.

Tukashuka, tukaisukuma mashua tukitembea majini hadi nchi kavu. Matope yalinifika magotini, na ovaroli ile haikuwahi kuwa bluu tena.

Ufukweni alikuwa amesimama Mama Athumani, na pembeni yake kijana mrefu ameshika baiskeli, kwenye keria amefunga ile betri iliyoitwa kopo. Walikuwa wamekuja kumwona Mzee Msengi wamalize maneno. Hawakujua watatukuta katika hali ile.

Nilikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, lakini mkubwa ni mkubwa. "Shikamoo, Mama."

Akanitazama kuanzia nyusi mpaka viatu. "Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Hapana, Mama."

"Vizuri. Athumani, shusha."

Athumani akashusha betri mchangani. Akatoa taa kubwa ya mbele ya lori yenye nyaya mbili, akazigusisha kwenye vichwa vya betri. Mwanangu, jua lilikuwa bado linawaka, na bado watu waliinua mikono kukinga macho. Akaiacha inawaka. Ikawaka. Abiria wakakaa chini wakasubiri izimike, na haikuzimika. Athumani akageuka akaanza kukunja kamba ya baiskeli yake. Ilikuwa afadhali angenitukana.

"Betri imechajiwa mwezi uliopita," Mama Athumani akasema. "Tangu irudishwe haijaguswa. Sasa, binti, hiyo sayansi yako ina mahali pa kwenda kutazama, au ilikuwa ya mdomoni tu?"

Nikasema, "Nitatazama, Mama."

"Ingia chini."

Maji yalikuwa yameshachotwa yakapungua. Nikapiga magoti, nikaingia chini ya lile benchi mpaka mabegani, nikafungua sanduku. Nikapima betri pale pale kwenye vichwa vyake, pampu ikiwa imewashwa. Kumi na mbili na nusu. Mzee Msengi akanisomea mita ya ubao: kumi. Volti mbili na nusu zilikuwa zinapotelea njiani, kati ya betri na ubao, umbali wa hatua tatu za mtu mzima. Kazi ya kuzitafuta ningeifanya siku ya kwanza kabla chai haijapoa.

"Mama," nikaita kutoka chini, "naomba ukae."

Benchi likalia juu ya kichwa changu. "Nimekaa."

"Kumi na mbili!" Mzee Msengi akatangaza.

"Simama, Mama."

"Kumi!"

"Kaa tena, tafadhali."

"Binti," sauti ndogo ikatoka juu, "mimi si swichi."

Watu waliangua kicheko, na mimi nilicheka kule chini mpaka nikagonga kichwa. Lakini safari ile nilikuwa nimeona. Ubao wa benchi ulikuwa unagusa bolti moja iliyoshika waya wa hasi, ule mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye ubao wa swichi. Nati ilikuwa imelegea, na waya ulikuwa umeota kutu ya kijani kibichi kama mwani. Mtu mzito akikaa, benchi linakandamiza waya, umeme unapita. Akiinuka, waya unaachia, umeme unapita kwa shida kwenye kutu, mshale unaanguka na pampu inakoroma. Ukizima kila kitu hakuna umeme mwingi wa kupita, ndiyo maana mshale ulikuwa unasoma vizuri. Betri haikuwahi kuumwa hata siku moja.

Nikafungua nati kwa spana namba kumi, nikasugua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, nikakaza. Tukawasha pampu, taa na honi kwa pamoja, na swichi tatu za heshima pia. Kumi na mbili na ushee. Mama Athumani akakaa, akainuka, mshale hata haukumtazama. Muuza kamba alisikitika kidogo. Nadhani alipenda ilivyokuwa mwanzo.

Nikatoka chini. Nikamwambia Athumani mbele ya watu wote, "Kaka, nimekukosea. Sikuipima betri yako. Nilisema tu."

Alikuwa anafunga betri kwenye baiskeli. Akasema, "Nimesikia, dada." Basi.

Mama yake ndiye aliyenivuta pembeni. Nilitegemea ukali, na sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. "Mwanangu, wale waliokuambia kwamba nikikaa mshale unapanda, uliwaona wajinga. Hawakujua kwa nini, lakini walikuwa wanatazama. Wewe ulikuwa na kifaa mkononi, ukashindwa kutazama. Na uliponiona nimesimama ninaumia, ukalichukua hilo nalo ukalifanya ushahidi. Siku nyingine mtu akisimama mbele yako ameumia, muulize kwanza. Sasa maneno yako yametembea. Umeyaomba msamaha hapa, na hapa siko yaliko. Utayafuata."

Nikayafuata. Mnada uliofuata Mama Athumani alinishika mkono kama mtoto anayepelekwa chanjo, tukaenda kwa muuza dawa za mifugo aliyekuwa na kipaza sauti, akamwomba atuazime. Nikasimama juu ya sanduku. "Mimi Naomi, fundi wa Kiomboi. Nilisema betri za Athumani wa Shelui ni mbovu. Sikuwa nimezipima. Betri ni nzima, kosa ni langu." Nilipofika kwenye kosa ni langu, kipaza sauti kikaanza kukwama na kukata. Kutoka nyuma ya umati mtu akapiga kelele, "Mama Athumani akae!" Mnada mzima ulicheka. Nikarudia kwa mdomo mtupu, mara nne, pembe nne za mnada, na bado ilibaki kwenda nyumba kwa nyumba Shelui na kupanda hadi Nduguti kwa wale wakwe, ambako nilipewa uji na kuulizwa maswali magumu na bibi wa miaka themanini.

Harusi ilifanyika, ingawa kwa kuchelewa mwaka mzima. Wateja wa Athumani walirudi, wengi wao, pole pole. Wengine hawakurudi kabisa. Walikuwa wamesikia neno la kwanza, na la pili halikuwakuta. Athumani mwenyewe ni mtu mzima sasa, tukikutana ananijulia hali, anauliza watoto na wajukuu. Ila tangu siku ile mpaka leo hajawahi kuniita fundi, na hajawahi kunipa betri nimpimie. Nimeupimia betri mkoa mzima, mwanangu. Yeye hapana. Na sijawahi kumlaumu.

Basi chukua hili ninalokupa. Ukitaka kujua jambo la mtu, nenda mpaka alipo mtu mwenyewe, hata kama ni mbali, hata kama utachafuka ukienda. Usitosheke na kilichoandikwa mahali pa kusomea kwa urahisi, kwa sababu kati ya pale na ukweli kuna njia, na njiani vitu vinapotea. Watu wasiosoma wakikuambia wameona kitu, shukuru kwa walichokiona, hata kama maelezo yao yanakuchekesha. Ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, ungali na aibu ndogo, kwa sababu ukiifunika kwa neno jingine kesho utakuwa nazo mbili. Na ukishamharibia mtu jina, usidhani samahani ya chumbani inatosha. Toka, pita kila mahali neno lako lilipopita, hata kama watakucheka. Hutayafikia yote. Nenda hivyo hivyo.

Huyo uliyemtangaza kwenye simu juzi, nyumba yake si mbali. Maliza chai yako kwanza.

Mungu wa baba zetu akutangulie, mwanangu. Akupe kazi ya mikono isiyokosa watu, akupe mkubwa wa kukukaripia kwa sauti ya chini, na kila jina la mtu linaloingia mdomoni mwako alijalie kutoka likiwa salama. Amina. Haya, vaa viatu.